Miti ya viwanja vyetu: tuangalie kivuli kabla ya pambo

Masika hayako mbali, na vitalu vya kando ya barabara vimeanza kujaa miche. Ndiyo maana leo tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo aghalabu huachiwa fundi wa bustani peke yake, nalo ni uchaguzi wa miti katika viwanja vya misikiti, madrasa na nyumba zetu za mwambao.

Mwenye kuhudhuria sala ya Ijumaa katika miji yetu huona safu za nje zikisali juani, juu ya saruji inayochoma nyayo, mahali ambapo zamani palikuwa na mwembe au mkwaju. Mti ule ulikatwa siku jengo lilipopanuliwa, au ulikatwa kwa kosa la kudondosha majani. Badala yake imepandwa safu ya ashoki, imesimama wima ukutani kama askari wa gwaride, na watoto wa madrasa wanajibanza chini ya banda la bati.

Hatuna ugomvi na ashoki. Asili yake ni Bara Hindi na Sri Lanka, na matawi yake huinama kuelekea chini yakilishika shina, hivyo haupanuki. Kwa mwenye uchochoro mwembamba baina ya nyumba na ukuta, anayetaka kujisitiri na macho ya wapitao, ni chaguo jema kabisa. Lakini jua likiwa utosini, kivuli chake hakimtoshi hata mtoto mmoja. Kasoro basi haimo katika mti, imo katika swali lililoulizwa siku ya kuununua. Mnunuzi aliuliza ni upi unaopendeza. Hakuuliza unatakiwa ufanye kazi gani, wala utakuwa na ukubwa gani baada ya miaka 20.

Swali hilo liliulizwa vizuri katika uwanda wa Arafa. Katika miaka ya 1980 ilipandwa huko miarobaini ipatayo 50,000, ili mahujaji wapate kivuli katika ardhi ambayo jua lake halina huruma. Haukutafutwa mti wa maua. Ulitafutwa mti unaovumilia joto na udongo hafifu, unaobaki na majani takriban mwaka mzima, na unaotanua matawi yake. Sisi mwarobaini tunao kwa wingi, na jina tulilompa linatokana na imani ya watu kwamba hutibu maradhi arubaini. Tunaongeza tahadhari moja: ndege hula matunda yake na kutawanya mbegu, na katika baadhi ya misitu ya pwani mti huu mgeni umeanza kuisonga miti ya asili. Mjini haudhuru kitu. Anayepakana na msitu atafute mwingine.

Na mwingine upo. Mkwaju ndio tunaoupendelea kuliko yote kwa uwanja mkubwa wa wakfu. Waarabu waliuita tamr hindi, yaani tende ya Hindi, na jina hilo limewafanya wengi wadhani kwao ni Bara Hindi, ilhali wataalamu wa mimea wanaihesabu Afrika kuwa ndiyo asili yake. Mizizi yake huzama chini sana, mbao yake ni ngumu, na upepo mkali hauuangushi kwa urahisi. Kivuli chake ni cha majani madogo madogo, hivyo hewa hupita na chini yake hapana fukuto. Aibu yake ni moja tu, nayo ni kukua taratibu. Kamati inayoupanda leo huenda isikae chini yake. Tunadhani hiyo si sababu ya kuuacha, kwani wakfu wenyewe huwekwa kwa ajili ya watakaokuja.

Asiyeweza kusubiri apande mkungu. Huo hukua upesi, hutanua matawi yake kwa ngazi kama mwavuli juu ya mwavuli, na hustahimili chumvi na upepo wa baharini. Majani yake makubwa huwa mekundu kisha hupukutika, na mfagiaji lazima awepo. Mwembe nao hauhitaji kusifiwa, ila usipandwe juu ya paa la bati wala juu ya maegesho ya magari. Mzambarau uwekwe mbali na sakafu ya kusalia, maana doa la zambarau halitoki kwa maji matupu. Miti yote hii mikubwa isimame hatua zisizopungua kumi kutoka kwenye msingi wa jengo na kwenye karo. Ama fikasi, ile inayouzwa ikiwa imekatwa kama mpira, mizizi yake hutafuta mabomba na kunyanyua kuta. Ibaki ndani ya chungu.

Itakumbukwa pia kwamba Imamu Nawawi na wanazuoni wengine wa madhehebu ya Shafi wamechukia kupanda miti ndani ya msikiti wenyewe. Maneno yetu yanahusu uwanja wa nje.

Wenye ua mdogo wasikate tamaa. Asumini hutaka jua na hutaka mkasi, kwa kuwa maua yake hutoka kwenye machipukizi mapya. Usiyemkata hukupa majani matupu. Kilua, kinyume chake, hupenda kivuli cha miti mikubwa, na ni mmea wa mwambao wetu hasa, hata wataalamu walipouandika katika vitabu vyao waliliacha jina la Kiswahili lilivyo: Mkilua. Mlangilangi hurefuka kama mnazi ukiachwa, lakini wakulima wanaochuma maua yake huukata ubaki kimo cha mtu, na nyumbani inafaa kufanya vivyo hivyo. Kwa uzio, mhina unatosha: huvumilia ukame, hukubali kukatwa kila mara, na majani yake yana kazi yake siku ya harusi.

Kuna vichaka viwili tunavyovikataa waziwazi mahali penye watoto. Mnyaa, unaopandwa sana kuwa uzio kwa sababu hauhitaji maji, una utomvu mweupe unaodhuru macho vibaya. Na oleanda, yenye maua mazuri ya waridi na meupe, ina sumu kuanzia jani hadi mzizi. Uwanja wa madrasa si mahali pa kuvijaribu.

Jirani naye ana haki zake. Wanazuoni wa fiqhi wamelijadili suala hili katika mlango wa sulhu: tawi likivuka mpaka, jirani anaweza kudai liondolewe, na mwenye mti hana udhuru wa kusema kwamba lilikua lenyewe. Ugomvi mwingi wa mitaani ungezuilika kwa kuusogeza mche ndani kidogo siku ya kuupanda.

Fadhila za kupanda zinajulikana, na hapana khatibu asiyezitaja. Lakini sadaka tuliyofundishwa ni ile ya kinacholiwa na mtu, ndege au mnyama kutokana na mmea, na mche uliokauka mwezi wa tatu haulishi hata mdudu. Tumezoea kuhesabu miche iliyopandwa mbele ya wageni na kamera. Tungependa kamati zihesabu iliyo hai baada ya viangazi viwili.

Kitaluni usivutiwe na mche mrefu. Mche mrefu ndani ya kiriba kidogo mara nyingi mizizi yake imejizungusha kama kamba. Chagua mfupi wenye shina nene. Shimo liwe la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza, kiriba kichanwe na kuondolewa, na shina lisifukiwe zaidi ya lilivyokuwa kitaluni. Panda mvua zikishakolea, si kwa manyunyu ya kwanza. Kiangazi, debe moja mara mbili kwa wiki, likizama taratibu, lina manufaa kuliko kunyunyiza kila jioni, kwa sababu maji ya juu juu hulea mizizi ya juu juu. Na saruji isifike kwenye shina: iachwe mita moja ya udongo kila upande.

Akisema mtu kwamba maji ni ghali, tutamuuliza yanakwenda wapi maji ya udhu. Mara tano kwa siku, katika kila msikiti, maji yasiyo na sabuni yanatiririka moja kwa moja hadi karoni. Mfereji mmoja wa kuyaelekeza kwenye mashina ni kazi ya fundi ya siku moja, na inaweza kukamilika kabla ya masika kuanza.