Kugawanya kwa Kiswahili: Studio ya Ubongo

Wapenzi wa katuni za Kijapani ni wengi katika klabu yetu. Wapo wanaojua bila kuuliza kwamba Studio Ghibli ilianzishwa mwaka 1985, na kwamba Spirited Away ya Hayao Miyazaki, iliyotoka mwaka 2001, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2003. Filamu ile ilitengenezwa kwa Kijapani, kwa ajili ya watoto wa Japani, lakini wenzetu wa Sydney wameitazama mara nyingi hadi wakaokota maneno bila mwalimu. Swali la safu hii mwezi huu ni: je, ipo studio inayoweza kutupa Kiswahili kwa njia hiyo?

Ipo. Iko Dar es Salaam na inaitwa Ubongo.

Ilianzishwa mwaka 2013 na Nisha Ligon pamoja na wenzake, na haifanyi kazi kwa kutafuta faida. Kipindi chake cha kwanza, Ubongo Kids, kilianza kuonyeshwa TBC1 mwezi Januari 2014. Hadithi zinatokea katika kijiji cha Kokotoa, na jina hilo lina maana: kukokotoa ni kupiga hesabu mpaka upate jibu. Kina Kibena, Koba na Baraka wanakutana na tatizo, wanalitatua kwa hisabati au sayansi, na wimbo unakuja kukaza somo kichwani. Hapo mwanzo watazamaji waliweza kujibu maswali kwa SMS. Simu ndogo ya kawaida ilitosha, jambo lililosaidia familia zisizo na intaneti.

Baadaye wakatengeneza Akili and Me kwa watoto ambao bado hawajaanza shule. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala anaingia Lala Land, ambako anajifunza namba, herufi na maumbo pamoja na marafiki zake wanyama. Watafiti walikipima kipindi hiki mjini Morogoro, wakaona kwamba watoto waliokitazama walifanya vizuri zaidi katika mambo kama kuhesabu na kutambua maumbo kuliko wenzao waliotazama vipindi vingine.

Sasa mtauliza, sisi wa miaka ishirini tunahusikaje na katuni za watoto?

Tuangalie Kiswahili tulicholelewa nacho. Ni Kiswahili cha njoo ule, funga mlango, umesalimia wageni? Ni kizuri na ni chetu, lakini kinaishia mlangoni mwa darasa. Sisi nyumbani tunatoka Bukavu. Mama anaongea Kiswahili kutwa nzima, lakini tukifika dukani Glenquarie, bei ya mchele anaisoma kwa Kifaransa. Wengi wa kwetu huhesabu hivyo, kwa sababu shuleni walihesabu kwa Kifaransa. Rafiki zetu ambao wazazi wao ni wa Nairobi, wakifika kwenye namba wanahamia Kiingereza.

Hapa Macquarie Fields matokeo yake yanaonekana jioni. Mdogo wangu wa darasa la tatu anarudi na kazi ya kugawanya. Maelezo yote ni ya Kiingereza, kwa hiyo anamwita dada. Mama, ambaye aliuza vitenge soko la Kadutu miaka mingi na kupiga hesabu zote kichwani, anakaa pembeni kama mgeni. Hesabu anaijua kutushinda sote. Kinachokosekana ni maneno ambayo yeye na mwanawe wanaweza kuyatumia pamoja.

Maneno hayo Ubongo Kids wanayo. Tanzania shule za msingi za serikali zinafundisha hisabati kwa Kiswahili, na Kiingereza kinashika nafasi katika sekondari. Kwa hiyo kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya ni maneno yanayotumika kila siku na mtoto wa miaka minane. Nyumbani tumejaribu kutazama vipindi viwili kila Jumamosi. Mama alianza kwa kupita tu na sufuria mkononi. Sasa anakaa, na juzi nilimsikia akimwambia mdogo wangu, "Gawanya kwa tatu kwanza, papa, halafu utoe." Hakuniita.

Walimu wetu wanaweza kusema kwamba katuni si somo la chuo kikuu. Kwa heshima, tunauliza: ni wangapi kati yetu tunaoweza kuandika insha kuhusu Shaaban Robert, lakini tukipewa robo tatu ya 48 tunanyamaza? Lugha ambayo huwezi kuhesabia, mtoto anaiona mapema kuwa ni ya wazee.

Tahadhari mbili. Vipindi vya Ubongo vipo pia kwa Kiingereza, na mtoto wa hapa atateleza huko usipoangalia. Chagueni vya Kiswahili. Pili, nyimbo zinakwenda mbio. Sikilizeni mara mbili, andikeni maneno, ndipo mwimbe.

Maneno ya mwezi: jumlisha, toa, zidisha, gawanya; nusu, theluthi, robo; mraba, mstatili, pembetatu, duara; wastani, asilimia.

Zoezi: Mfuko wa mchele wa kilo 5 unauzwa dola 14. Kilo moja ni dola ngapi? Jibu peke yake halitoshi. Mweleze mzazi, shangazi au bibi hatua zote kwa sauti, kwa Kiswahili kitupu, kisha mwombe naye akupe hesabu moja ya kwake. Tutazikokotoa pamoja kwenye mkutano ujao wa klabu.