Kalunguyeye Hakuomba Likizo

Huko Uingereza ipo desturi ipendwayo sana wakati wa kiangazi. Mtu hufunga nyuma ya motokaa yake nyumba ndogo ya magurudumu, ambayo ndani yake mna vitanda, meza, jiko la gesi na beseni la kunawia. Huivuta mpaka pwani au milimani, akakaa humo na watoto wake juma moja au mawili. Nyumba hiyo huitwa karavani. Sina ugomvi na desturi yenyewe. Aliyefanya kazi mwaka mzima anastahili kupumzika, na akipenda kupumzika ndani ya sanduku la bati hiyo ni hiari yake. Ugomvi wangu ni juu ya abiria fulani ambao hawakuulizwa: hamsta ndani ya kizimba, simbilisi ndani ya kikapu, kobe ndani ya boksi, kasuku ndani ya tundu, na siku hizi hata kinyonga na kalunguyeye. Wengi husema kwamba kumchukua mnyama mdogo likizoni ni kumtendea wema. Mimi nasema si wema hata kidogo. Ni kujipendeza nafsi, kukavikwa joho la wema.

Mtetezi wa desturi hii aweza kutaja asili yake kwa fahari. Mwaka 1885 daktari mmoja wa Kiskoti, William Gordon Stables, aliyepata kutumikia katika manowari za Uingereza kisha akawa mwandishi wa hadithi za wavulana, aliundiwa mjini Bristol karavani ya kuvutwa na farasi wawili, akaiita The Wanderer. Alisafiri nayo kutoka kusini ya Uingereza mpaka Uskoti, pamoja na mwendesha farasi, mtumishi, mbwa mkubwa na kasuku. Basi, atasema mtetezi, tangu mwanzo ndege alikuwamo! Ni kweli, alikuwamo. Lakini farasi wale walikwenda polepole, na alikuwako mtumishi wa kutazama mambo ya nyumba ile. Leo sheria ya Uingereza inairuhusu motokaa ivutayo karavani kwenda maili 60 kwa saa katika barabara kuu, na mnyama aliye kizimbani hana pa kushika. Kila mwanafunzi aliyesoma elimu ya mwendo darasani ajua kwamba gari likisimama ghafula, kilichomo ndani hakisimami nalo.

Sharti kwanza tumtenge mbwa, maana hoja nyingi za upande wa pili hupandishwa juu ya mgongo wake. Mbwa ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka. Nyumbani kwa mbwa ni mtu: mpeleke Mombasa, mpeleke Kisumu, maadamu bwana wake yupo, yeye yuko kwake. Lakini nyumbani kwa hamsta ni mahali. Ni pembe fulani yenye harufu yake mwenyewe, ni shimo alimoficha chakula, ni ukimya aliouzoea. Ukimwondoa hapo hukumpeleka likizo. Umemhamisha, tena bila kumwambia kwamba atarudi. Wahenga wetu walionya mtu asisafirie nyota ya mwenzake. Mnyama huyu hana hata nyota ya kusafiria. Yeye ni mzigo tu.

Mtazame hamsta huyo. Karibu wote wafugwao majumbani leo ni uzao wa ndugu wachache wa tumbo moja waliofukuliwa ardhini karibu na mji wa Aleppo, nchini Syria, mwaka 1930. Wazee wake waliishi chini ya udongo, wakilala mchana na kutoka usiku. Safarini huamshwa asubuhi kwa mngurumo wa injini, akatikiswa mchana kutwa katika saa zake za kulala, na usiku, aanzapo kukimbia juu ya gurudumu lake, wenye karavani hukasirika kwa kuwa chumba ni kimoja na wote wanamsikia. Akipenya nje ya kizimba huingia katikati ya ukuta na kabati, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Hatari ya simbilisi, yule mnyama mnene asiye na mkia, ni nyingine. Tumbo lake sharti lifanye kazi mchana na usiku. Akiingiwa na hofu huacha kula, na akikaa hivyo hata kwa siku moja matumbo yake huanza kusimama, jambo liwezalo kumwua. Tena hufa kimya. Wanyama wawindwao huficha ugonjwa wao, kwani porini aonyeshaye udhaifu ndiye aliwaye kwanza. Hapo ndipo lilipo kosa kubwa la watu wa karavani. Humwona mnyama amejikunyata pembeni, macho wazi, hatikisiki, nao husema, “Tazama alivyotulia! Anafurahia mandhari.” Utulivu huo ni hofu. Sungura hufanya vivyo hivyo mbele ya mwewe.

Na nisemeje juu ya kalunguyeye? Huyu ni wetu. Kalunguyeye wafugwao katika nyumba za Ulaya na Marekani hawatokani na yule wa Ulaya. Wanatokana na jamaa wa Kiafrika, mdogo, mwenye vidole vinne katika miguu ya nyuma, ambaye huonekana usiku katika nyika za Kenya akitafuta wadudu. Yule wa Ulaya ameumbwa alale usingizi mzito majira yote ya baridi, akiisha kujinenepesha kwa kazi hiyo. Huyu wetu hakuumbiwa baridi ile. Joto la chumba likishuka, mwili wake hujaribu kulala usingizi kama huo pasipo akiba ya kutosha, na mara nyingi hali hiyo humfikisha mautini. Nyumbani mwenyewe humwekea kifaa cha umeme cha kumtia joto. Sasa mfikirie katika karavani iliyosimama juu ya kilima cha Wales usiku wa mwezi wa Aprili, ukuta wake mwembamba kama mbao za kasha, moto umezimwa ili gesi isiishe. Bwana mwenye safari amejifunika mablanketi mawili. Kalunguyeye ana miiba yake.

Mchana mambo hugeuka. Chama cha Kiingereza cha kuzuia ukatili kwa wanyama, RSPCA, huonya kwamba siku ya nyuzi 22 tu, joto ndani ya motokaa iliyofungwa laweza kufika nyuzi 47 katika muda wa saa moja. Nyuzi 22 ni hewa ya kupendeza ya Nairobi, hakuna aiogopaye. Familia husimama kunywa chai kando ya njia, chai huzaa mazungumzo, na kizimba kimebaki katika kiti cha nyuma. Chinchila, mwenye manyoya mazito aliyopewa kwa ajili ya milima ya Andes, hawezi kustahimili hata nusu ya joto hilo lizidilo.

Ndege nao wana shida yao, na hii naiona nzito kuliko zote. Pafu la ndege hupata hewa mpya avutapo pumzi na atoapo pia, hata sumu humwingia upesi kuliko imwingiavyo mtu. Waingereza wenyewe wanalijua jambo hilo vizuri kupita taifa lolote, kwa kuwa wachimba makaa wao walishuka migodini na kanari ndani ya tundu: ndege akianguka, watu walikimbia, wakijua kwamba hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, imeingia. Kanari hao hawakuondolewa migodini mpaka mwaka 1986. Na sasa mtu huyohuyo humtundika ndege wake katika chumba cha hatua tano, hatua mbili kutoka jiko la gesi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua! Kikaango kisichoganda chakula kikisahauliwa motoni kikapata joto kupita kiasi, moshi wake huweza kumwua kasuku kabla mpishi hajakohoa.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba mnyama akiachwa atakuwa mpweke. Kwa mbwa nakubali, na kwa kasuku nakubali nusu, maana kasuku hupenda watu. Lakini hamsta wa Syria huishi peke yake, na ukimpa mwenziwe hupigana naye. Upweke tumsingiziao ni wetu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2006 juu ya ustawi wa wanyama humtaka mfugaji atazame haja za mnyama: makao yafaayo, chakula kifaacho, nafasi ya kufuata tabia yake ya asili, kukaa pamoja na wenziwe au mbali nao kulingana na maumbile yake, na kulindwa na maumivu na maradhi. Kuiona bahari hakumo.

Nitaambiwa pia habari za kobe mashuhuri Timothy, wa Kasisi Gilbert White. Mwezi wa Machi mwaka 1780 kasisi huyo alimfukua usingizini huko Ringmer, akamchukua kwa gari la farasi maili 80 mpaka kijijini kwake Selborne, naye kobe akaishi miaka mingine 14. Ndiyo. Ila White hakumpeleka matembezini. Shangazi yake, aliyekuwa mwenye kobe, alikuwa amefariki, na mnyama alihitaji mlezi mpya. Safari ilikuwa moja, ya kwenda bila kurudi. Na jambo la kwanza alilolifanya kobe alipofikishwa bustanini, baada ya kutembea kidogo, lilikuwa kujifukia tena udongoni. Sijui ni jibu gani wazi kuliko hilo ambalo kobe angeweza kulitoa.

Mwanafunzi wa Kitui au Siaya huenda akauliza, haya yanatuhusu nini sisi tusiovuta karavani? Yanatuhusu kwa kuwa tamaa ya kumiliki mnyama asiye wa kawaida na kumwonyesha watu huanzia kwao ikaishia kwetu. Kasuku wa kijivu alikamatwa katika misitu ya Afrika kwa wingi hata mataifa, mwaka 2016 mjini Johannesburg, yakakubaliana kukataza biashara yake ya kimataifa kwa waliotolewa porini. Kobe bapa wa miamba ya Kenya na Tanzania, ambaye gamba lake laini humwezesha kujibana katika nyufa, alilazimika kuwekewa ulinzi huohuo mwaka 2019. Na mwezi wa Aprili mwaka 2025 vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na sisimizi wapatao 5,000, wengi wao malkia, ndani ya vijichupa vyenye pamba. Mwezi uliofuata mahakama ya Nairobi iliwahukumu kulipa faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja au kufungwa miezi 12. Wako waliocheka: sisimizi! Mimi sikucheka. Kijichupa kile na kizimba cha karavani vilitengenezwa na fikira moja, kwamba kiumbe kikiwa kidogo basi chabebeka, na kikibebeka basi kibebwe.

Wala dawa yake si ngumu. Simbilisi na apelekwe kwa jirani pamoja na kizimba chake kilekile, nyasi zake zilezile na chombo chake cha maji. Hamsta abaki chumbani mwake, na mtu amwaminiye mwenye nyumba aje jioni, saa aamkapo, amtilie mbegu na kumtazama kama amekula za jana. Kalunguyeye aachiwe kifaa chake cha joto, na namba ya simu ya daktari wa wanyama ibandikwe mlangoni. Kisha mwenye karavani aende zake pwani na watoto wake, na mbwa akitaka.