Njaa Haitibiwi kwa Programu

Leo naomba tuweke kando mambo ya seva na hifadhidata, tuzungumze kuhusu tumbo. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu 2022, na nisipolitolea hapa nitalitolea wapi?

Mwaka huo mvua ilikuwa imekosekana msimu baada ya msimu. Nikapata kibarua cha kuandika programu ya simu kwa mradi mmoja wa wafadhili kule Tana River. Mhudumu anazunguka vijijini akiuliza maswali, majibu yanaingia kwenye hifadhidata, na mkubwa fulani ng'ambo anaona ramani yenye rangi nyekundu. Maswali yalizidi 60. Nilikwenda kuijaribu mwenyewe. Mama mmoja aliyajibu yote kwa subira, kisha akaniuliza: "Sasa mwanangu, hiyo simu yako ikishajua kuwa sijala, itafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Programu yangu ilikuwa na kitufe cha "Tuma", basi. Mimi nililipwa kwa kazi ile. Yeye aliyetoa majibu hakupata hata pakiti ya unga.

Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, na bado sijapoa. Jumuiya ya kimataifa inajifanya kwamba njaa inaua kwa sababu hatuna habari za kutosha. Si kweli! Tazama Somalia. Tahadhari zilianza kutolewa 2010. Umoja wa Mataifa ukatangaza baa la njaa tarehe 20 Julai 2011, na hapo ndipo mifuko ilipofunguka sawasawa. Utafiti uliotolewa 2013 ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walikufa, zaidi ya nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi walizikwa kabla ya tangazo. Katika kazi yetu, kengele ya seva ikilia usiku kucha na hakuna aliyeamka, hununui kengele ya pili. Unauliza nani alikuwa zamu.

Dawa ninayoitaka ni rahisi: pesa taslimu, mapema, kwa kanuni iliyokubaliwa kabla ya ukame. Na haya si maajabu. Hapa Kenya mpango wa Hunger Safety Net ulianza 2008 kwa msaada wa Uingereza, ukilipa familia maskini za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Kufikia 2015 ulikuwa unatumia picha za setilaiti: malisho yakikauka kufikia kiwango fulani, familia zaidi zinalipwa. Ikiwa hivi, lipa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuiandika kanuni hiyo. Kiasi chenyewe ni kidogo, lakini mantiki ni sahihi. Na njia za kutuma tunazo: M-Pesa ipo tangu 2007.

Najua mtakavyonijibu. "Watanywea pombe." "Bei zitapanda." Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kule Siaya, shirika la GiveDirectly lilizipa familia zaidi ya 10,000 takriban dola 1,000 kila moja. Watafiti waliofuatilia walichapisha matokeo 2022: bei zilipanda kwa chini ya asilimia 1, na hata majirani ambao hawakupewa kitu walifaidika, kwa kuwa pesa zilizunguka dukani, kwa fundi na kwa kinyozi. Linganisha na mahindi yanayovuka bahari. Kwa miaka mingi sheria ya Marekani imetaka angalau nusu ya shehena ya msaada wa chakula ibebwe na meli zenye bendera ya Marekani. Huo ni msaada kwa nani hasa?

Nakubali, pesa hazinunui kisichokuwepo. Kambini Zamzam, Darfur, ambako baa la njaa lilithibitishwa Agosti 2024, barabara zilikuwa zimefungwa kwa bunduki. Hapo kazi ya wakubwa ni kufungua njia, si kutuma noti.

Wala asije mtu akatumia maneno yangu kukata misaada. USAID ilipofungwa Julai 2025, hakuna bomba lililorekebishwa, maji yalikatwa tu. Nchi tajiri ziliwekewa lengo la kutoa asilimia 0.7 ya pato lao tangu 1970, na nyingi hazijawahi kulifikia. Ninachodai ni watoe zaidi, wachelewe kidogo, na wapunguze semina.

Siku hizi mteja akiniletea kazi ya kukusanya takwimu za njaa, namuuliza swali la yule mama: baada ya "Tuma", kunatokea nini? Wengi hawapigi simu tena. Sawa tu.