Beethoven Hakuvunja Minyororo

Nimechoka kukaririshwa kwamba Urasimi ulikuwa muziki wa watumishi wenye adabu, mpaka Beethoven alipokata minyororo na Ulimbwende ukazaliwa. Hadithi ni tamu, lakini haisimami.

Mozart aliacha utumishi wa Askofu Mkuu wa Salzburg mwaka 1781, akabaki Vienna akijitegemea. Beethoven, huyo "huru", mwaka 1809 alikubali posho ya florini 4,000 kwa mwaka kutoka kwa makabaila watatu. Mtumishi ni nani hapo?

Na hisia? Sikiliza Simfonia Namba 40 ya Mozart, ya mwaka 1788, kisha uniambie kilio kilisubiri karne ya 19. Hata E.T.A. Hoffmann, mwandishi wa Ulimbwende mwenyewe, aliandika mwaka 1810 kwamba Haydn, Mozart na Beethoven wana roho moja ya kilimbwende. Ukuta tunaoukariri ulijengwa baadaye.

Sikatai kwamba mambo yalibadilika: okestra zilipanuka, piano zikapata nguvu. Lakini hayo yalikuja polepole, kwa mikono ya wengi. Anayefundishwa kuwa Haydn ni adabu tupu atasikia adabu tupu. Hiyo ndiyo hasara yenyewe.