Toba Si Machozi

Siku hizi neno "toba" limekondeshwa mno. Mtu akipiga magoti madhabahuni, akalia, akaombewa, basi tunasema ametubu. Mimi nakataa. Huyo amejuta, toba ni jambo jingine.

Chuoni tulifundishwa kwamba asiyejua maana ya neno asilifundishe. "Toba" limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kurejea. Waebrania nao walitumia neno lenye maana ya kugeuka na kurudi. Kiyunani cha Agano Jipya kina "metanoia", yaani kubadili nia. Katika lugha zote tatu, shina la neno halitaji machozi.

Mtazame Zakayo katika Luka 19. Hatuambiwi kwamba alilia. Aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Ndipo Bwana akatamka kwamba wokovu umefika nyumbani mwake. Wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, walilielewa hilo: aliyeokoka alirudisha alichoiba. Hata jirani zetu Waislamu hufundishwa kwamba aliyedhulumu haki ya mtu, toba yake haitimii mpaka airudishe.

Nilimjua mtunza fedha wa shule aliyekula ada za wanafunzi. Alikiri kanisani kwa kilio kikubwa, nasi tukamkumbatia na kuimba. Wakati huo watoto wawili walikuwa wamekwisha kufukuzwa kwa kukosa ada ambayo wazazi wao walikuwa wameilipa. Hawakurudi darasani kamwe. Nami, mkuu wao, nilikuwa miongoni mwa walioimba. Sikumdai hata senti, nikidhani kwamba kudai ni kukosa kusamehe.

Wapo watakaosema nahubiri wokovu wa matendo, na kwamba neema hailipiwi. Ni kweli, neema hailipiwi. Lakini fedha ya mzazi aliyeuza mbuzi wake si neema, ni deni. Na mchungaji hana mamlaka ya kusamehe deni la mtu asiyekuwapo ibadani.

Basi, ndugu wachungaji, anayekuja mbele akilia, mfuteni machozi, kisha mwulizeni swali moja tu: "Umerudisha?" Swali hilo mimi sikuliuliza, na wale watoto wawili ndio waliolipa.