Kisima cha Sadaka Kipimwe Zebaki



Ndugu zetu, madrasa tunawafundisha watoto kuyatazama maji kabla ya kutia udhu: rangi, ladha na harufu. Kipimo hicho ni cha twahara. Usalama wa kunywa ni jambo jingine. Zebaki inaweza kuwa ndani ya maji kwa kiasi cha kudhuru bila kubadilisha hata kimoja kati ya hivyo vitatu, wala kuyachemsha hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 6 tu kwa lita moja.

Jambo hili linatuhusu. Wachimbaji wadogo wa Geita (Tanzania), Migori (Kenya) na Busia (Uganda) wametumia zebaki kukamatia dhahabu. Mabaki yake huingia mitoni, vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, samaki huibeba, nasi tunawala. Kule Minamata, Japani, maradhi yaliyogunduliwa mwaka 1956 yalitokana na samaki wa ghuba iliyomwagiwa zebaki ya kiwanda. Watu walipooza, na watoto wakazaliwa na ulemavu.

Alhamdulillah, wanakemia wametengeneza vitambuzi vinavyong'aa. Mfano ni rangi iitwayo rodamini. Huundwa ikiwa imefungwa kama fundo, haitoi mwanga. Zebaki ikiigusa, fundo hufunguka, na maji yakimulikwa kwa taa maalumu hung'aa rangi ya chungwa. Vingi hutiwa salfa, kwa sababu zebaki hushikamana nayo haraka.

Hata hivyo tusivipe sifa visivyostahili. Baadhi hudanganywa na shaba au fedha, na maji ya tope huvisumbua. Tena, kisima kikionekana salama, hiyo si habari ya samaki. Kitambuzi ni shahidi wa kwanza. Hukumu itoke maabara.

Rai yetu ni hii: anayechimba kisima cha sadaka karibu na machimbo atenge fungu la kupima maji kabla watu hawajaanza kuteka, na arudie kila mwaka. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria yetu. Haitoshi kumpa jirani maji. Tumpe maji yasiyomdhuru.

Na ninyi wanafunzi, msidharau somo la kemia mkidhani ni elimu ya dunia tu. Anayeijua anaweza kuokoa kijiji kizima, insha Allah.

Wabillahi tawfiq.