Rali ikishaondoka Naivasha, sisi wa Mai Mahiu tunabaki na nini?

Tangu Safari Rally irudi kwenye kalenda ya dunia mwaka 2021, ratiba yetu ni ile ile. Subaru za Nairobi zinateremka eskapmenti usiku zikipasua masikio, hoteli za Mai Mahiu zinauza nyama hadi zinafunga kwa kukosa nyama, bei ya keja ya kulala inapanda, halafu Jumatatu matrela yanarudi kumiliki barabara kana kwamba hakuna kilichotokea. Toyota imeshinda mara zote tano kati ya 2021 na 2025: Ogier mara mbili, Rovanperä mara mbili, Elfyn Evans mara moja. Magari yao yanapakiwa yanaenda nchi nyingine. Vumbi la Kedong linabaki hapa na sisi.

Kwenye redio utasikia mijadala ya watalii wangapi wamekuja na hoteli zimejaa kiasi gani. Swali ambalo huwa silisikii ni hili: yule dogo wa miaka kumi na tano aliyepanda juu ya mti kuona gari likipita sekunde nne, anafanya nini na huo moto siku ya Jumanne? Gari la rali, hata la mtumba, ni mamilioni ya shilingi. Karting iko Nairobi, na unalipa kwa dakika. Kwa hivyo anarudi kutazama video kwa simu, na kama ana bahati mbaya zaidi anaingia kwenye ile ndege ya kubeti.

Mlango wa bei ya chini upo, na watu wengi wanaucheka: gari la rimoti. Si lile la mia saba la Kamukunji linalokufa Krismasi kabla ya chapati kuisha. Naongea juu ya gari dogo la kujenga, lenye shokapu za mafuta, difu, na mota inayoweza kulifikisha kilomita 50 au 60 kwa saa likiwa na urefu wa mkono wako.

Tofauti ya hayo mawili ndiyo kila kitu, kwa hivyo wacha niieleze polepole. Gari la kichezeo lina bodi moja ya umeme iliyobeba kila kazi: kupokea mawimbi ya rimoti, kugeuza tairi, kulisha mota. Sehemu moja ikiungua, gari limeisha. Kwenye gari la kujenga kila kazi ina kifaa chake. Kuna kipokezi cha mawimbi, kuna servo ya usukani, kuna kidhibiti mwendo kinachogawa umeme kwa mota, kuna betri. Mkono wa shokapu ukivunjika unabadilisha mkono. Tairi likiisha unabadilisha tairi. Ni matatu ndogo, kwa kifupi, na fundi wake ni wewe.

Wajapani wa Tamiya waliuza gari lao la kwanza la aina hii, Porsche 934, mwaka 1976, likija vipande vipande kwenye boksi. Mpaka leo wanauza hivyo. Kiti ya kuanzia ni dola 100 hivi kwenda juu, na hapo bado hujanunua rimoti, betri wala chaja. Wachina wa WLtoys wana magari ya bei ya chini yanayokuja tayari, na wasee wengi duniani wanaoanza bila doh huanzia hapo. Modeli yao ya 144001, ambayo ni sehemu moja ya kumi na nne ya gari halisi, inajulikana kila mahali kwa sababu moja ya maana: spea zake ni rahisi kupata na ni za bei ya chini. Ukinunua gari ambalo hujui spea utatoa wapi, umenunua pambo la meza ya TV.

Sasa njoo kwa serikali, maana hapa ndipo stori inakuwa ya siasa.

Fungua kitabu cha ushuru cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kifungu cha 9503. Humo utakuta baiskeli za watoto za magurudumu matatu, midoli, mafumbo ya kuunganisha, na modeli zilizopunguzwa ukubwa "ziwe zinafanya kazi au la". Hilo gari lako liko hapo, kiti kimoja na mdoli. Juu ya ushuru wa forodha weka VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji na ile ya reli, kisha pesa ya kusafirisha. Wakati huo huo, Sheria ya Fedha ya 2023 ilitoa VAT kwenye pikipiki za umeme na betri za lithiamu, kwa sababu nchi inataka nduthi za umeme. Na ni kweli zinakuja. Roam, Spiro na Ampersand wako barabarani tayari.

Lakini angalia ndani ya hiyo nduthi. Kuna mota isiyo na brashi, kuna kidhibiti kinachogawa umeme kwa awamu tatu, kuna pakiti ya betri za lithiamu yenye ulinzi wake. Fungua gari la rimoti la kisasa: mota isiyo na brashi, kidhibiti cha awamu tatu, pakiti ya lithiamu. Ukubwa ndio tofauti, na nguvu. Mambo ya msingi ambayo fundi wa nduthi ya umeme anahitaji kuelewa, kijana anaweza kuyajua mezani kwake akiwa na miaka kumi na sita. Serikali inaondoa kodi kwenye kitu kizima kilichokwisha kuundwa, halafu inatoza kamili kile ambacho mtu angetumia kujifunza. Hapo mimi naona sera imeangalia upande mmoja tu.

Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kabla hatujafika sura ya mota. Nilichojua baadaye nilikijua kwa kushika. Kwa mfano ile namba ya KV kwenye mota: ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti, mota ikiwa haijabeba mzigo. Mota ya 3000KV kwenye betri ya volti 7.4 inajaribu kuzunguka mara 22,200 kwa dakika. Ukiona hiyo hesabu ikitimuka mbele yako kwenye murram, huisahau.

Wengine watasema, vijana hawana kazi na wewe unatuletea vichezeo. Sawa. Sijasema gari la rimoti litampa mtu mshahara. Nasema Mai Mahiu ni mji wa mafundi: wa breki, wa panchari, wa kuchomelea, wa simu. Karibu wote wanaishi kwa dizeli inayopita barabarani. Ule umeme ukifika kwa matrela, na utafika, nani hapa atakuwa ameshika mota isiyo na brashi hata mara moja?

Kama unataka kuingia bila kuumia, anza na takataka. Drili ya mtumba ambayo betri yake imekufa mara nyingi ina mota ya saizi ya 550 ndani, saizi ile ile inayotumika kwenye magari mengi ya rimoti ya bei ya chini. Printa iliyokufa ina gia na vyuma vya kuzungushia. Ukishuka Luthuli Avenue pale Nairobi utapata ESP32, kibodi kidogo chenye Wi-Fi na Bluetooth, kwa hivyo simu yako inakuwa rimoti. Kosa linalowamaliza wanaoanza ni kufunga mota ya drili kwenye bodi ya L298N kwa sababu ndiyo iko kwenye kila video. Hiyo bodi hubeba ampea 2 kwa kila upande. Mota ya 550 ikikwama kwenye mchanga inavuta mara nyingi zaidi ya hapo, na utanusa moshi. Tafuta BTS7960. Watoto wetu wamejenga magari ya waya na mitungi ya mafuta, matairi ya ndala kuukuu, miaka yote. Hapa tunaongeza umeme tu.

Kuhusu betri naomba uwe makini, maana wengi wetu tunaishi chumba kimoja cha mabati na godoro liko mita moja kutoka soketi. Seli moja ya LiPo ina volti 3.7 za kawaida, ikijaa ni 4.2, na ukiishusha chini ya 3 unaiua. Betri ya 5000 mAh ichaji kwa ampea 5, usizidishe. Ikifura kama chapati, imekwisha, usijaribu kuihurumia. Usichaji ukiwa umelala, na ichaji ndani ya chungu au juu ya mchanga, mbali na nguo. Kama hayo yote yanakuogopesha, chukua NiMH ya volti 7.2. Ni nzito na polepole, lakini ina huruma kidogo kwa anayejifunza. Ukiwa na chaja inayokubali umeme wa DC wa volti 12, unaweza kuchajia kwa betri ya gari au ya sola stima ikipotea. Trela ni habari nyingine: wao wameunganisha betri mbili kupata volti 24, na ukichomeka hapo bila kuuliza, chaja imeenda.

Halafu kuna vumbi letu. Madereva wa dunia wanaliita fesh fesh, ule unga wa majivu ya volkano unaokaa kama maji juu ya barabara na kuingia mpaka kwenye injini. Ikiwa linawasumbua Toyota wenye mafundi wengi kwa gari, fikiria beringi yako ya milimita kumi. Gari la rimoti Mai Mahiu linataka beringi zilizofungwa kwa raba pande zote mbili, soksi ya kitambaa juu ya mota, na brashi ya rangi ya kufagia baada ya kila mbio. Usiweke mafuta mengi kwenye gia za nje. Vumbi litashika na utakuwa umetengeneza msasa. Mtu wa Nairobi anayeendesha kwenye lami ya maegesho hajui shida hii. Ukiweza kulinda gari hapa, unaweza kulilinda popote.

Mahali pa kuendesha ndiyo shida ninayoiona kubwa kuliko pesa. Makorongo makavu yanavutia, yana kona na miruko ya asili, na hapo ndipo kila kijana angeenda kwanza. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya mapambazuko, maji yaliyozuiliwa Old Kijabe chini ya reli ya zamani yalipasuka, yakashuka Kamuchiri na kuua makumi ya watu. Hakuna mtu hapa anayehitaji kukumbushwa, lakini wageni wa mchezo huu watakuja na kuona korongo kama uwanja wa bure. Msimu wa mvua, kaa mbali nayo. Barabarani pia sahau. Na nafasi zilizo kando ya lami zinaisha, maana kazi ya kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, pamoja na kipande chetu cha Rironi, Mai Mahiu hadi Naivasha cha kilomita 58, ilizinduliwa Novemba 2025 na kila plot sasa ina mwenye macho.

Uwanja wa magari ya sehemu moja ya kumi hauhitaji hata robo ya uwanja wa kandanda. Mita 30 kwa 20, mabomba ya plastiki ya kuchora njia, lundo mbili za murram za kuruka, na mahali pa kusimama juu kidogo ili uone gari lako upande wa pili. Ni kona ya shule ya msingi siku ya Jumamosi. Leseni ya KCAA ni ya wale wa droni. Gari la chini haliruki, halihitaji hiyo. Na ile shida ya zamani ya rimoti mbili kugongana kwenye mawimbi ya 27 MHz iliisha rimoti zilipohamia 2.4 GHz, kwa hivyo magari kumi yanaweza kukimbia pamoja bila mmoja kuiba gari la mwenzake.

Kaunti ya Nakuru inajua kutenga maeneo wakati rali inakuja: maegesho, vibanda, njia za polisi. Kuomba kona moja ya mita 30 kwa 20 katika hiyo mipango, siku nne tu, vijana wa hapa waonyeshe magari waliyojenga mbele ya umati ambao tayari umekuja kutazama magari, si ombi la kumfilisi mtu. MCA wetu akisema hakuna bajeti, aulizwe murram lori moja ni pesa ngapi, halafu tunyamaze tumsikilize.

Na kama uko na drili iliyokufa hapo nyumbani, usiipeleke kwa skrap bado. Wao wanalipa kwa kilo, na ile mota haifikishi hata robo kilo.